Akili ni Nywele: Maonyesho ya Sanaa na Jina la Wazimu

Huko Tanzania Bara, anayetaka kumkejeli mwenzake humwambia kwamba ametoroka Mirembe. Unguja humtajia Kidongo Chekundu, na Nairobi humtajia Mathari. Majina yote matatu ni ya hospitali zilizowekwa kwa ajili ya kuwatibu watu, lakini katika vinywa vya wenye afya yamegeuka matusi. Mgonjwa aliyepona hurudi nyumbani na jina la mahali alipotibiwa, na jina hilo humtangulia barazani, kazini na hata kwenye posa.

Kiswahili chenyewe hakijawasaidia sana wagonjwa hawa. Neno wazimu linakaa jirani na mizimu. Majnuni, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina jini ndani yake. Kichaa, mwehu, punguani na hamnazo ni maneno ya kurushiana. Hata istilahi ya adabu, ugonjwa wa akili, ina mtego, kwa kuwa akili kwa Mswahili ni werevu na busara pia, na anayeambiwa kwamba akili yake inaumwa husikia kwamba werevu wake umetiliwa shaka. Katika miaka ya karibuni yamepata nafasi maneno ya upole zaidi: sonona kwa huzuni inayokaa moyoni isiondoke, kiwewe kwa jeraha lililoachwa na tukio la kutisha, usonji kwa hali ya wale ambao bongo zao zimeumbwa kuupokea ulimwengu kwa njia nyingine. Ni maneno mazuri, lakini bado yananukia semina. Neno halikai katika lugha mpaka litumiwe na aliyeumwa, akisema habari zake mwenyewe.

Ndiyo sababu maonyesho ya sanaa yanayogusa afya ya akili yanastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ile ya nia njema. Nia njema huleta picha za vichwa vilivyopasuka, minyororo na mikono inayoomba msaada, chini yake pakiwa na kaulimbiu. Mtazamaji hutoka akiwa amehurumia, na aliyehurumiwa hubaki palepale alipokuwa. Swali la kuuliza mbele ya kila picha ya namna hiyo ni moja: nani ameshika brashi, na nani ametajwa jina?

Afrika ya Mashariki ina msanii aliyelijibu swali hilo kwa jina lake. Sane Wadu, mzaliwa wa Nyathuna nchini Kenya mwaka 1954, alikuwa mwalimu kabla ya kuiacha kazi hiyo katika miaka ya 1980 na kujitoa mzima kwa uchoraji. Watu waliomfahamu waliona kwamba mwanamume anayeacha mshahara kwa ajili ya rangi amerukwa na akili, nao wakasema hivyo. Yeye akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu, na tangu hapo akaliweka jina hilo kwenye kazi zake. Hakuna hoja fupi zaidi ya hiyo. Aliyetukanwa hakujitetea mbele ya wazee wala hakuomba cheti cha daktari. Alilichukua tusi, akaligeuza nje ndani, akalivaa. Kila aliyemtukana alilazimika baadaye kumwita mwenye akili kila alipomwita.

Mwaka 2022 taasisi ya NCAI ya Nairobi, iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, ilifungua milango yake kwa maonyesho ya kazi za Wadu za miongo kadhaa. Yalikuwa na thamani kwa sababu hayakumtendea kama kisa cha kitabibu. Hayakudai kwamba picha zake ni dalili za maradhi, wala hayakudai kwamba jamii iliyomcheka ilikuwa na roho mbaya. Yaliziweka picha ukutani na kuziacha zibishane na jina la mchoraji wake. Mtazamaji akiona wanyama na watu wakikaribiana mpaka mipaka yao ikayeyuka, anajiuliza mwenyewe kama huo ni wazimu au ni macho makali. Maonyesho yanayompa mtazamaji kazi ya kufanya yamemheshimu, na yamemheshimu msanii pia.

Armitage mwenyewe, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, amekwenda njia ngumu zaidi. Mwaka 2017 alichora picha aliyoiita Conjestina, kwa jina la Conjestina Achieng', mwanamke wa Kenya aliyekuwa bingwa wa ngumi, ambaye maradhi yake ya akili yaliandikwa mno magazetini baada ya enzi yake ulingoni. Picha hiyo ilionyeshwa London. Hapa mizani inatikisika. Aliyeshika brashi si mgonjwa, na aliyetajwa jina hakuwa na nafasi ya kujibu. Taifa lililomshangilia akiwa na glavu lilimtazama kwa udadisi alipoanguka, na picha yoyote inayofuata inaweza kuwa jicho jingine tu katika umati ule ule.

Kinachomtetea Armitage, kwa kiasi, ni kitambaa. Hachori juu ya turubai ya Ulaya bali juu ya lubugo, nguo ya magome ya mti ambayo Waganda wameitengeneza kwa karne nyingi na ambayo hutumika kuwavika wafu wao. Lubugo haliko sawasawa. Lina matundu na mishono, na mchoraji huyu hayafichi. Mwili unaochorwa juu yake huwa na vidonda vya kitambaa kabla ya vidonda vya habari yake. Mtazamaji anayetaka kuliona anguko la bingwa anakutana kwanza na nguo iliyoshonwa pale ilipopasuka, na jicho lake hupunguza kasi. Hata hivyo kitambaa hakimalizi deni. Picha hii ni ya huruma yenye uzito, lakini ni huruma ya kutoka nje, na inafaa isemwe hivyo bila kupunguza ustadi wake.

Kutoka ndani, hakuna mfano kwa Watanzania unaomzidi Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm, kisha akaishi Ubelgiji na baadaye Uskoti. Maonyesho yake ya kwanza hayakuwa Ulaya. Yalikuwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Katikati ya muongo huo alikaa na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, akawasikiliza wakisimulia maisha yao, na kutokana na mazungumzo hayo akatoa picha na mashairi. Wapenzi wa ushairi wangefanya vyema kulikumbuka jambo hilo, kwamba mwanamke huyu alianza kwa kusikia kabla ya kuonyesha, na kwamba rangi na beti kwake zilizaliwa pamoja.

Baada ya miaka mingi ya kuishi akiwa mgeni, na kwa ubaguzi alioupata, Nicodemus aliingia katika kiwewe ambacho amekisema hadharani bila kukipaka sukari. Jambo la kustaajabisha ni alichokifanya nacho. Hakukifanya kuwa siri, wala hakukifanya kuwa wasifu wake wote. Alikifanya kuwa somo. Alichora, akashona, akaunganisha vipande, akatengeneza mwaka 2004 gombo refu la marejeo kuhusu mauaji ya halaiki duniani, na mwaka 2012 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Middlesex kwa utafiti juu ya sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha kitamaduni cha watu weusi. Hoja yake ni kwamba jeraha la mtu mmoja mara nyingi ni tawi la jeraha la wengi. Anayemtibu mmoja bila kuitazama historia iliyomjeruhi amefunga bandeji juu ya mwiba.

Mwaka 2022 Makumbusho ya Picha za Watu ya Taifa, jijini London, yaliinunua picha aliyojichora mwaka 1982. Ilikuwa ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina hiyo. Jina la picha limeandikwa kwa Kiswidi, nalo lina maana ya picha ya nafsi, pamoja na jina la mji wa Åkersberga karibu na Stockholm. Binti wa Marangu anauita uso wake kwa lugha ya ugenini na kuutia anwani ya ugenini. Anayefanya kazi ya kufasiri hatalipita jina hilo haraka, kwa kuwa ndani yake mna swali zima la kuwa wa mahali fulani. Je, mtu ni wa pale alipozaliwa, au ni wa pale uso wake ulipomlazimu kujiangalia? Nicodemus hajibu. Anaandika anwani na kuendelea kutazama.

Kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025, Edinburgh ilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote. Ni heshima inayomstahili. Lakini hapo ndipo yanapoanza malalamiko ambayo Mtanzania ana haki nayo. Msanii aliyeanza Dar es Salaam alihitimishiwa hesabu Uskoti, na wengi wa wanafunzi wa sanaa wa nchi yake watazijua kazi zake kwa picha zenye ukubwa wa kiganja, katika simu.

Upo upande mwingine wa jambo hili, wa wale wasioweza au wasiotaka kujieleza kwa maneno. Desemba 2025 tuzo ya Turner ya Uingereza ilikwenda kwa Nnena Kalu, aliyezaliwa Glasgow kwa wazazi wa Kinigeria, mwenye usonji na anayesema kwa maneno machache sana. Kazi zake ni mafurushi makubwa ya utepe, kanda na vitambaa, yaliyofungwa na kufungwa tena mpaka yananing'inia kama vifuko vya wadudu, na michoro ya duara zinazozunguka zikirudiwa kwa jozi. Hajaeleza maana yake, na ukimya huo umewakera baadhi ya wahakiki. Wangekumbuka kwamba msusi wa mkeka wa Pemba naye haambatanishi maelezo na ukili wake. Marudio yana mantiki yake, na mkono unaojua unakokwenda hauhitaji mkalimani kila hatua. Wahenga wa pwani waliosema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, walilisema wazo hili mapema kuliko wataalamu walioanza kulipa jina mwishoni mwa miaka ya 1990.

Pwani, kwa hakika, haikuwa tupu kabla ya kuja kwa nyumba za maonyesho. Katika ngoma za pepo aliyepagawa hakufichwa uani. Aliletwa kilingeni, pepo akaulizwa jina lake, akapigiwa ngoma yake, akapewa nguo na manukato ayapendayo, na mgonjwa akaitwa kiti, akawa na wenziwe waliopitia njia hiyo. Isisemwe kwamba huo ndio uganga uliotosha. Wapo waliofungwa pingu majumbani na kwa waganga, na wapo waliocheleweshewa dawa mpaka wakapotea. Lakini kilinge kilijua mambo mawili ambayo ukuta mweupe wa makumbusho bado unajifunza: kwamba maradhi yakitajwa jina hupungua kutisha, na kwamba mgonjwa anahitaji watu wa kukaa nao kuliko watu wa kumtazama.

Basi na tuipeleke mizani hii mbali na miji. Busawe ni kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme. Anayeugua huko akipewa rufaa ya kwenda Mirembe ana mamia ya kilomita mbele yake hadi Dodoma, na akirudi, kejeli ya jina lile humsubiri stendi. Kiswahili cha semina kikifika Busawe kitakuwa lugha ya pili juu ya Kingoreme, na sonona itakuwa neno la kufasiriwa mara mbili kabla ya kumfikia mama mwenye mtoto asiyesema. Hapo ndipo sanaa ingefaa zaidi, na ndipo isipofika.

Haihitaji kasri. Mkoa huo huo una Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya Makumbusho ya Taifa, na hiyo ni taasisi ile ile iliyompa Nicodemus ukuta wake wa kwanza. Nakala nzuri za picha zake, pamoja na habari ya mwalimu wa Nyathuna aliyejiita mwenye akili, zingeweza kusafiri kutoka Butiama hadi kwenye madarasa ya shule za kata, zikaelezwa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Wakurya wa Tarime, majirani zao, wana litungu la nyuzi nane, na mpigaji wake anajua kumwimba mtu kwa jina lake mpaka asimame. Maonyesho ya Busawe yangeanza kwa mpigaji huyo, picha zikafuata.

Mpango wa namna hiyo ungekuwa na kipimo rahisi. Mwaka mmoja baadaye, aliyerudi kutoka Dodoma apite kituo cha mabasi, na isikilizwe anaitwaje.