Mtoto wa Siri wa Mfalme: Usimulizi Unavyomficha na Kumtoa

Hapa Sepuka, mkoani Singida, kijana aliyeitazama Game of Thrones mpaka mwisho hukujibu bila kusita ukimuuliza wazazi wa Jon Snow ni akina nani. Tamthilia ilimwonyesha mama yake tarehe 26 Juni 2016: ni Lyanna, dada yake Ned Stark, wala Ned, aliyemlea kama mwanawe, si baba. Mwaka uliofuata ikamtaja baba waziwazi, Rhaegar, mwana wa mfalme aliyepinduliwa. Lakini wasomaji walikuwa wamelitegua fumbo hilo miaka mingi kabla, kwa kukisoma kwa makini kitabu cha George R. R. Martin kilichotoka mwaka 1996.

Kazi ya Martin ilikuwa ngumu kwa sababu sura nyingi za kitabu hicho tunazipata kupitia mawazo ya Ned, mtu anayeijua siri yote. Alichofanya ni kumwacha Ned ayakimbie mawazo yake mwenyewe. Ned anakumbuka kwamba dada yake, akiwa kufani, alimwomba ahadi. Ahadi gani, hatuambiwi. Akiwa taabani kwa jeraha la mguu, anaota mnara unaolindwa na askari watatu wa kikosi cha mfalme. Hapo ndipo wasomaji makini walipoganda. Mfalme ameshauawa, na Rhaegar mrithi wake ameshauawa. Watu watatu walioapa kuilinda damu ya kifalme wanamlinda nani huko mbali? Kila dalili imepewa kazi nyingine pale ilipo. Ndoto inaonyesha maumivu, ahadi inaonyesha majonzi, na msomaji mwenye haraka anaridhika anapita. Kisha Ned anakatwa kichwa kabla hajasema lolote.

Sasa tuvuke Ziwa Victoria mpaka ufalme wa Bunyoro, Uganda, ambako ufundi huu ni wa kale na umekwenda kinyume kabisa. Bukuku, mlinzi wa lango, amekalia kiti cha Mfalme Isaza. Wapiga ramli wanamwonya kwamba mtoto wa binti yake Nyinamwiru atamletea maangamizi, naye anamtoboa binti jicho moja na kumfungia ndani. Isimbwa, mwana wa Isaza, anaingia kwa siri kwa msaada wa mjakazi. Mtoto anapozaliwa anatupwa mtoni, kitovu kinanasa kwenye mti, na mfinyanzi anamwokoa. Mtoto huyo, Ndahura, anakua kama mwana wa mfinyanzi, anagombana na wachungaji wa Bukuku mahali pa kunyweshea ng'ombe, anamuua Bukuku mwenyewe na kukaa kwenye kiti chake. Hajui kwamba amemuua babu yake mzaa mama, wala kwamba kiti kile ni cha babu yake mzaa baba.

Msikilizaji anajua yote tangu mwanzo. Hana cha kubashiri; ana hofu tu, akingoja wahusika wajue anachokijua yeye. Mimi naona huu ni ufundi mgumu zaidi, kwa kuwa hadithi inabaki na makali hata ukiisikia mara ya kumi.

Tazama pia mtoto huyu amewekwa wapi. Mapokeo ya Bunyoro yana koo tatu za watawala: Watembuzi, Wachwezi na Wabito. Ndahura yuko pale Watembuzi wanapokoma na Wachwezi wanapoanza. Wachwezi wanapotoweka, anatokea Rukidi, Mbito wa kwanza, kutoka kaskazini ya Nile, naye tunaambiwa baba yake alikuwa Mchwezi aliyefika huko kwa uwindaji. Kila nasaba inapokatika, mtoto wa siri anaiunga.

Kimera wa Buganda anaonyesha nani anafaidika na kuungwa huko. Katika kitabu cha Mganda Apolo Kagwa cha 1901, Kimera ni mjukuu wa Kabaka Chwa, aliyezaliwa kwa siri katika jumba la mfalme wa Bunyoro, akatupwa kwenye shimo la udongo na kulelewa na mfinyanzi. Katika kitabu cha Mnyoro John Nyakatura cha 1947, Kimera huyohuyo ni pacha mdogo wa Rukidi. Kwa Kagwa, Buganda haikupata kutawaliwa na damu ya kigeni. Kwa Nyakatura, Buganda ni tawi la Bunyoro. Mtu mmoja, baba wawili, na kila baba ni dai la kisiasa.

Sisi Unyaturu hatukuwa na wafalme wa namna hiyo, na shujaa wetu Liti, aliyepewa heshima ya jina la uwanja wa mpira wa Singida mjini, hasimuliwi kwa nasaba. Anasimuliwa kwa nyuki aliowatuma kuwashambulia Wajerumani. Pasipo na kiti cha kurithi, msimulizi hana haja ya kumfichia shujaa baba.

Kwa hiyo mtakapobishana tena juu ya shujaa mwingine anayedhaniwa kuwa mwana wa mfalme, dalili peke yake zisiwatoshe. Tafuteni nasaba ilipokatikia, kisha ulizeni ni nani anayetaka iungwe.