Carl Einstein na Sanamu Zisizo na Majina

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana budi kujiuliza kila mara: ataitetea vipi fani bila kuyatupa maudhui, na atayaeleza vipi maudhui bila kuidharau fani? Swali hili si letu peke yetu. Makala haya yanakusudia kulichunguza kwa kuyaangalia maisha na kazi za Carl Einstein, mhakiki na mwanahistoria wa sanaa wa Kijerumani. Kitabu chake kuhusu uchongaji wa Kiafrika kilitutendea haki kubwa na, papo hapo, kikatunyima haki nyingine.

Einstein alizaliwa mwaka 1885 huko Neuwied, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea falsafa na historia ya sanaa mjini Berlin bila kufikia shahada, na mwaka 1912 akatoa riwaya yake, Bebuquin. Mwaka 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, kilichapishwa kitabu chake Negerplastik: kurasa chache za maelezo zikifuatwa na picha zaidi ya 100. Jina hilo ni la zama zake, na leo hatulikubali. Hoja iliyomo, hata hivyo, ilikuwa mpya na ya kishujaa.

Wakati huo vinyago vyetu viliwekwa katika majumba ya makumbusho kama ushahidi wa ushenzi au hatua ya utotoni ya binadamu. Einstein aliikataa dhana hiyo tangu mwanzo. Alidai kwamba wachongaji wa Ulaya, kwa karne nyingi, walikuwa wamechonga kama wachoraji, wakimfikiria mtazamaji na mahali atakaposimama. Mchongaji wa Kiafrika, kwa maoni yake, alikuwa amelitatua tatizo lenyewe la uchongaji, yaani ujazo wa kitu na nafasi yake, kwa sababu sanamu yake haikutengenezwa ili imfurahishe mtazamaji. Ilikuwa na nguvu yake yenyewe katika ibada. Kwa njia hii kazi zilizodharauliwa ziliwekwa katika mizani ile ile iliyotumiwa kupima kazi za akina Picasso na Braque. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hatua hiyo haikuwa ndogo.

Lakini tuzitazame picha zenyewe. Hazina maelezo. Hatuambiwi ni kinyago cha nani, cha wapi, kilitumika lini, wala kiliitwaje na waliokichonga. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya vitu vilivyomo havikutoka hata katika bara la Afrika, bali katika visiwa vya Pasifiki. Jicho lililojua sana umbo halikuweza kutambua kosa hilo, kwa kuwa umbo peke yake halisemi limezaliwa wapi.

Mwenyewe aliliona pengo hilo. Wakati wa vita alifanya kazi Brussels chini ya utawala wa Wajerumani, karibu na Tervuren, palipo na hazina kubwa ya vitu vilivyotolewa Kongo. Katika Afrikanische Plastik, kitabu cha mwaka 1921, alitaja watu na maeneo, akajaribu kueleza matumizi. Mwaka 1925 alitoa mkusanyo wa ngano za Kiafrika kwa Kijerumani. Hata hivyo hakufika Afrika. Alibaki kusikia sauti zetu kupitia vinywa vya watu wengine.

Hatuwezi kumwita mtu wa kukaa kitini tu. Mwaka 1926 alitoa historia kubwa ya sanaa ya karne ya ishirini. Mwaka 1928 alihamia Paris, akashirikiana na akina Georges Bataille na Michel Leiris katika jarida la Documents. Mwaka 1936 alikwenda Hispania kupigana na majeshi ya Franco katika kikosi cha Durruti. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, hakuwa na pa kukimbilia: nyuma Wanazi, mbele Hispania ya Franco. Mwezi wa Julai mwaka huo alijiua karibu na Pau.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilisimama siku moja mbele ya kabati la kioo lenye kinyago cha Kiafrika. Kibandiko kilitaja jina la aliyekitoa zawadi na mwaka alioutoa. Jina la mchongaji halikuwapo, wala jina la kinyago kwa lugha ya wenyewe. Ndipo nilipotambua kwamba picha za mwaka 1915 zisizo na maelezo hazijatoweka. Zimehamia kwenye kabati.

Dawa ya ugonjwa huu imo mikononi mwa watu wa lugha. Robert Farris Thompson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliwauliza Wayoruba vijijini sababu ya kusifu sanamu moja na kuikosoa nyingine, akaonyesha kwamba wana istilahi zao za uhakiki. Wamakonde nao hutofautisha vinyago vya ujamaa na vya shetani. Fundi wa milango Lamu anapotaja mfaa, yaani ule mti wa katikati uliopambwa kwa nakshi, anatupa jina la kifaa na pia anatuonyesha mahali pa kuanzia kutazama. Uhakiki umo ndani ya msamiati huo kabla mhakiki hajafika na daftari lake.

Basi tusimlaumu Einstein kwa kupenda umbo. Kosa lake lilikuwa kulitenga na ndimi zilizolitaja. Nasi tutakuwa tumelirudia kosa hilo kila tunapohesabu vina na mizani ya shairi bila kuuliza liliimbwa wapi na kwa ajili ya nani. Na tutakuwa tumetumbukia katika kosa la upande wa pili tunapolisoma kama hotuba, tukasahau kwamba ni shairi. Idara zetu zingefanya jambo la maana kama zingewapeleka wanafunzi kwa wachongaji, wafinyanzi na wasusi ili wakusanye istilahi zao kabla wenye kuzijua hawajatutoka. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji masikio.