Nani Aliyemuuliza Yusuf? Deni na Msamaha katika Peponi

Riwaya ya Peponi ni tafsiri ya Paradise, kitabu cha Abdulrazak Gurnah kilichotoka mwaka 1994. Kiswahili kilikipata mwaka 2022 kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mengi yamekwisha semwa juu ya ukoloni na utumwa ndani ya riwaya hii, nami sina haja ya kuyarudia. Makala haya yanashughulikia dhamira moja tu: msamaha.

Sababu yake ni hii. Katika semina yetu moja, mwenzetu alisimama akadai kwamba Yusuf, mhusika mkuu wa riwaya, ni Yusufu wa Biblia aliyeharibika. Yule wa Biblia aliuzwa na ndugu zake, akawasamehe, akawalisha wakati wa njaa. Huyu wa Gurnah anatolewa rehani, hamsamehi mtu, na mwisho anaukimbilia msafara wa jeshi la Wajerumani. Kwa hiyo, alisema mwenzetu, riwaya haina upendo na haimfundishi kitu msomaji Mkristo. Wengi tuliitikia kwa kichwa, mimi nikiwa mmojawapo. Leo nataka kukifuta kile kichwa nilichotikisa.

Kwa faida ya wasiokisoma kitabu, kisa ni kifupi. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake anaendesha hoteli katika mji mdogo bara, na amezama katika deni la mfanyabiashara tajiri wa pwani aitwaye Aziz. Mtoto anadhani Aziz ni ndugu wa familia, kwa maana kila akija humpa sarafu. Siku moja anaambiwa afungashe, anapandishwa gari-moshi na Aziz, na huko pwani kijana wa dukani, Khalil, anamfumbua macho: huyu si ndugu yako, huyu ni bwana wako, nawe uko hapa kwa deni la baba yako. Khalil naye yuko pale kwa deni la baba yake. Baadaye Yusuf anachukuliwa kwenye msafara wa biashara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Sasa tuitazame hiyo Biblia tunayomlinganisha nayo. Tunakimbilia Mwanzo kwa sababu ya jina, lakini nionavyo mimi, sura iliyo karibu zaidi na Peponi ni Mathayo 18. Pale kuna mfalme na mtumwa anayedaiwa talanta elfu kumi. Mfalme anaamuru auzwe yeye, na mke wake, na watoto wake, ili deni lilipwe. Mtumwa anapiga magoti, anahurumiwa, anasamehewa lote. Kisha anatoka nje na kumkaba koo mwenzake anayemdai dinari mia tu. Mahubiri yote niliyoyasikia juu ya sura hii, na nimeyasikia mengi, yanatuhimiza tusiwe kama yule mtumwa asiye na huruma. Ni kweli. Lakini hebu tujiulize, jamani: wale watoto waliotaka kuuzwa walikwenda wapi? Wanatajwa mara moja tu, kama mali, halafu hadithi inawaacha. Mfalme na baba wanamalizana wao kwa wao.

Hapo ndipo Gurnah anapoingia. Peponi ni Mathayo 18 ikisimuliwa kutoka upande wa mtoto. Ndiyo maana msamaha unaonekana haba humo: mwenye kusimulia si mdai wala mdaiwa, ni kile kilicholipiwa.

Tena si kweli kwamba riwaya haina msamaha. Upo, ila umeshikwa na mtu asiyestahili kuushika. Mke mkubwa wa Aziz anamsingizia Yusuf kwamba alitaka kumvunjia heshima. Kanzu ya Yusuf imechanika nyuma, na huo ni ushahidi kwamba alikuwa akikimbia. Msomaji aijuaye Kurani ataitambua mara moja sehemu hii, kwani ndivyo ilivyo katika Sura ya Yusuf. Katika Mwanzo nguo hubaki mkononi mwa mwanamke. Aziz anauona ushahidi, hapandishi sauti, anaongea kwa upole, na katika mazungumzo hayohayo anamweleza kijana kwamba baba yake amekwisha fariki na mama yake amehama. Anamwachia aendelee kukaa na kufanya kazi. Angalia kinaya hicho! Aliyemchukua mtoto wa watu ndiye anayekuwa mpole na mwenye kusamehe, na aliyechukuliwa anabaki kuwa mtu wa kushukuru. Mzee Hamdani, mtunza bustani, ameuelewa mchezo huu zamani. Alipopewa uhuru wake kama zawadi aliukataa, maana hakuona ni nani aliyewapa hao wakubwa mamlaka ya kuugawa.

Kwa nini jambo hili limenigusa hivi? Mimi nimezaliwa Tabora. Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, na pale Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, lipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Wahakiki wamekwisha onyesha kwamba safari ya Aziz imejengwa juu ya masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Na Selemani alipita Tabora akielekea ziwani na Marungu. Kwetu, basi, hii si hadithi ya mbali. Miembe ile tunayoambiwa inafuata njia ya misafara tumeipanda na kuila maembe.

Tena kuna la nyumbani. Baba yangu mdogo ni mkulima wa tumbaku. Mwaka mmoja mambo yalimwendea kombo, akawa anadaiwa na mfanyabiashara asiyeweza kumkwepa. Binti yake, wakati huo kidato cha pili, akaachishwa shule na kupelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa jamaa za yule bwana, "mpaka mambo yakae sawa". Yalichukua miaka miwili kukaa sawa. Kisha kilichobaki cha deni kikasamehewa. Jumuiya ikaja nyumbani, tukasali, mdai na mdaiwa wakakumbatiana, akina mama wakapiga vigelegele, tukala wali na kuku. Nilikuwa likizo, nikaona ni mfano mzuri kabisa wa upendo wa Kikristo. Usiku nikamkuta dada yangu yule nyuma ya nyumba anasugua masufuria. Nikamwambia, "Si umeona dada, yamekwisha." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kaka, na mimi nimesamehewa nini?"

Sikuwa na jibu. Hata siku ile ya semina sikuwa nalo, ndiyo maana nilitikisa kichwa.

Wapo watakaosema kwamba natetea kinyongo. Hapana. Watanitajia Adrian Atiman, nami namkubali. Huyu alizaliwa pande za Mto Niger, akatekwa utotoni, akauzwa kuvuka jangwa, akanunuliwa na wamisionari huko Algeria, akasomeshwa uganga Malta, kisha akaja na msafara hadi Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu wa Karema na kuwafundisha dini kwa miongo mingi, hadi akafia huko mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa akawa mganga kwenye nchi iliyojua vilivyo kuuzwa ni nini. Ukitaka upendo wa kila siku, ndio huo: vidonda kuoshwa asubuhi, na kesho tena. Lakini tusisahau kwamba Atiman alipewa taaluma ya kumsimamisha kwa miguu yake, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Hakuna aliyemtaka awashukuru waliomteka ili karamu ipendeze.

Na Yusufu wa Mwanzo? Tukimsoma taratibu tutaona kwamba hakusamehe haraka. Alikuwa na ghala za nafaka mkononi, na bado aliwajaribu ndugu zake, akamfunga Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini. Alipoangua kilio ni pale Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao. Na Yuda ndiye aliyekuwa ametoa shauri la kumwuza Yusufu! Yaani mwuzaji alikubali kwanza kukaa mahali pa aliyeuzwa, msamaha ukafuata. Katika Peponi hakuna Yuda. Baba anakufa bila kuja, na Aziz hajiweki mahali pa mtu yeyote. Tunamlaumuje Yusuf kwa kutofika kwenye machozi ambayo hakuna aliyempeleka?

Hiyo haina maana kwamba mwandishi amefaulu kila mahali. Kwa maoni yangu Amina, aliyelelewa kama dada wa Khalil na kuishia kuwa mke mdogo wa Aziz, amepewa nafasi ndogo mno. Anasema maneno makali juu ya maisha yake, kisha ukuta wa bustani unamfunika tena. Kama dhamira ni mtoto asiyeulizwa, basi Amina ndiye aliyeulizwa kidogo kuliko wote, hata na mwandishi wake. Mwisho nao una haraka: Yusuf anapoufuata msafara wa Wajerumani macho yakimwasha, anatoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Wengine watauita ukombozi. Mimi nauona ni mlango pekee uliokuwa wazi.

Ujumbe ninaouchukua ni mmoja. Katika Biblia ya Kiswahili, sala ile aliyoifundisha Yesu, kama ilivyo katika Mathayo, hutumia neno deni. Tunaisali kila siku kama wadai na wadaiwa. Peponi inatukumbusha kwamba katika kila daftari la deni huwa yupo mtu wa tatu, aliyewekwa rehani, na upendo unaomruka huyo ni mapatano ya wakubwa tu.

Likizo hii narudi Tabora. Nitamchukulia dada yangu nakala ya Peponi, naye akiimaliza nitamwuliza swali ambalo siku ile tulikula wali bila kumwuliza. Jibu lake lolote, hata likiwa la hasira, nitalisikiliza hadi mwisho.