Kenso Wanapomrudia Kijana Wao

Kenso, bendi ya roki ya Japani, ilianzishwa mwaka 1974 na wanafunzi wa sekondari huko Kanagawa. Jina lake ni kifupisho cha jina la shule yao. Kiongozi wake, mpiga gitaa Yoshihisa Shimizu, ni daktari wa meno. Katika Chilling Heat ya mwaka 2005 walirekodi upya tungo zao za mwanzo.

Marudio ya aina hii huniogopesha: ukomavu una tabia ya kumsahihisha kijana mpaka akanyamaza. Hapa wapiga vinanda wawili wanaujaza muziki, vidole ni mahiri, ila mapigo bado yanageuka ghafla kwa utundu wa darasani. Kijana bado anasikika. Nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, hicho ndicho kipimo ninachokitaka.