Asiye na Dini na Nyimbo za Waumini

Msomaji, katika hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019, jumla ya watu ilikuwa 47,564,296. Kati yao watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini. Hao ni yapata mtu mmoja katika kila watu sitini na watatu. Kwa hiyo katika shule yako, ikiwa si ndogo mno, yamkini wamo kadhaa, ingawa huenda hujapata kuwasikia wakijitaja. Mimi ni mmoja wa hesabu hiyo. Siandiki ili nikuvute utoke katika dini yako, wala sikuombi radhi kwa kuwa sina yangu. Nataka kusema nawe juu ya jambo ambalo wahakiki wetu hulipita kimya: je, mtu asiyeamini aweza kuusikiliza wimbo wa mwamini, au kuusoma utungo wake, akauhukumu kwa haki?

Kwanza tazama shida ya jina. Lugha yetu ina maneno ya kumwita mtu wa namna yangu, lakini hayana upole. Kafiri hulisikii ila kwa ukali. Mpagani ni jina ambalo wahubiri wa kigeni waliwapa babu zetu, nao walikuwa na ibada zao, basi halinifai hata kidogo. Limebaki "asiye na dini", nalo lanitaja kwa nilichokosa, kama vile mtu angeitwa "asiye na kofia".

Walakini lugha hiyo hiyo ndiyo niisemayo, nayo imejaa dini toka utosini hata kisiginoni. Siku zetu zahesabiwa kutoka siku ya Waislamu ya kukusanyika msikitini: Jumamosi ni ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, na kuendelea. Mkristo aendaye kanisani Jumapili hutaja siku ya pili baada ya sala ya Ijumaa, wala hadhani kwamba amebadili dini. Ukiondoa baraka katika methali isemayo haraka haraka haina baraka, utabaki na nini? Mama auzaye mboga aniambiapo, "Mungu akipenda nitakuletea sukuma kesho," namjibu, "Haya, mama, kesho," nasi twaelewana vema. Anachosema ni kwamba ameahidi kweli, ila mvua na barabara hazimo mkononi mwake. Nawajua wenzangu wawili watatu wasio na dini ambao hukunja uso wasikiapo maneno kama hayo. Hunichosha. Atakaye lugha isiyoguswa na dini itambidi atafute lugha isiyosemwa na watu.

Wimbo wetu wa taifa nao ni dua tangu neno lake la kwanza. Tuliupokea mwaka 1963 tulipopata uhuru, na sauti yake ilitolewa katika wimbo wa Wapokomo, ambao mama humbembelezea mtoto. Katiba ya mwaka 2010 yaanza kwa kuukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Kisha kifungu cha 8 chasema kwamba hakuna dini ya serikali, na kifungu cha 32 champa kila mtu uhuru wa dhamiri, wa dini, wa imani na wa maoni. Hata Rais aingiapo kazini aruhusiwa kula kiapo kwa jina la Mungu, au kuahidi kwa dhati bila ya jina hilo. Mimi husimama wima nikauimba wimbo wa taifa. Mambo yaombwayo humo nayataka kama ayatakavyo jirani yangu. Twatofautiana juu ya nani aombwaye.

Sasa tuje kwenye nyimbo na maandishi ya barabarani, maana huko dini hukutana na watu wengi kila siku ya juma. Panda matatu mjini. Kwenye kioo pameandikwa kwamba Mungu ndiye mlinzi wa gari hili; kando yake pamebandikwa picha ya mchezaji wa mpira wa Ulaya; ndani mwavuma wimbo wa injili kwa kishindo cha kupasua masikio; na dereva alipita lori penye kona. Sisemi hayo ili niicheke dini. Abiria mwenye dini ndiye wa kwanza kushika kiti cha mbele na kumpigia dereva kelele. Nataka uone kwamba maneno yale ya kiooni hayamwambii mtu neno lolote. Ni pambo, sawa na ile picha ya mchezaji. Nyimbo nyingi za injili za siku hizi zina ila hiyo hiyo. Nasikiliza beti tatu, nasikia kwamba mwimbaji ameinuliwa, adui zake wameaibika, na milango imefunguliwa. Aliinuliwa kutoka wapi? Adui ni nani, jirani au ndugu? Mlango gani? Hakuna jibu. Toa jina la Mungu katika wimbo wa namna hiyo, utie jina la tajiri au la mwanasiasa, hutahitaji kubadili kitu kingine. Ila hiyo yapasa imwudhi mwamini kabla ya kuniudhi mimi.

Linganisha na "Jerusalema", wimbo wa Kizulu uliotolewa mwaka 2019 na Master KG wa Afrika ya Kusini, ukaimbwa na Nomcebo Zikode. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ulichezwa katika mabara mengi, toka vijana wa Angola walioueneza mtindo wa kuucheza hata wauguzi wa hospitali za Ulaya. Maneno yake ni machache mno. Yerusalemu, asema mwimbaji, ndiko kwao. Naye aomba asiachwe huku aliko. Hayo tu, na yanatosha, maana nyuma yake yupo mtu aliyechoka na mahali alipo. Mimi siamini kwamba mji huo unamngoja mtu juu mbinguni, lakini uchovu ule naujua, na nadhani wewe pia waujua. Huenda nikakushangaza nikisema kwamba asiyeamini aliyeuliza maana ya maneno ya Kizulu ameukaribia wimbo huo kuliko mwenye dini aliyeucheza mwezi mzima bila kuuliza.

Mahali pagumu kwa asiye na dini si kwenye gari, ni matangani. Jirani amefiwa. Nimekwenda kukaa naye, nimetoa mchango, nimebeba viti. Watu wainuka kusali. Nami nainuka, navua kofia, nanyamaza. Wako walionilaumu kwa kunyamaza huko, wakasema ingekuwa adabu kutamka Amina pamoja na wote. Nasadiki kinyume chake. Kusimama na mwenye msiba ni adabu. Kutamka mbele ya maiti ya rafiki neno nisilolisadiki ni kumpunja yeye, na kuwapunja wale walitamkao kwa kweli. Kanuni hiyo ndiyo niifuatayo hata nisomapo: nakaa na mwandishi, nasikia kila neno lake, lakini siitikii nisichokisadiki.

Basi chukua Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Una beti sabini na kitu, na kila mshororo una mizani kumi. Waanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kusudi lake ni kuuamsha moyo wa mshairi mwenyewe ugeuke kutoka dunia upate kuokoka. Utaniambia kwamba asiyesali hawezi kuonja utungo kama huo. Lakini kijana Mkristo wa Machakos au Kisii apewapo utungo huu darasani, nani humwambia asiusome mpaka asilimu? Haamini mafundisho yake yote, na bado twamtaka auelewe, twampa mtihani juu yake. Nami naomba ruhusa ile ile aliyopewa yeye.

Nimesoma majibu ya wanafunzi wengi juu ya utungo huu, na karibu yote yasema kwamba mshairi atufundisha tumche Mungu. Jibu hilo si la uongo, wala halionyeshi kwamba aliyeliandika amesoma hata ubeti mmoja. Soma uone mshairi afanyavyo. Atafuta dunia ifanane na nini, akaifananisha na kisima kisicho na ukingo, penye fahali ampigaye pembe kila asogeaye, mtu asipate kunywa maji. Hakusema "dunia ni mbaya" akaondoka. Amekupa kiu, amekuonyesha maji, kisha amekuletea pembe. Halafu akuingiza katika majumba ya matajiri wa Pate. Hapo zamani yaling'aa kwa taa za vioo na za shaba hata usiku ukawa kama mchana. Sasa katika zile zidaka za ukutani zilizowekwa sahani za thamani wamelala makinda ya ndege. Makinda ya popo yananing'inia juu. Buibui ametanda utando wake, nyenje walia kumbini, wala hakuna sauti ya mtu. Mshairi hamkemei yeyote hapo. Auliza tu wako wapi, na nyumba yenyewe yajibu kwa popo.

Mtu wa dini gani haguswi na hayo? Na mtu asiye na dini atawezaje kutoguswa? Mimi hutetemeka zaidi, nadhani, kwa sababu mwamini asomapo juu ya zile zidaka tupu ana nyumba nyingine aitumainiayo, nami sina. Kwangu zidaka zile ndizo habari yote. Lakini hapo nisijipe ubora nisiostahili: laiti mshairi asingeamini, asingeingia katika magofu yale kwa macho makali namna ile. Imani yake ndiyo iliyomtuma atazame, na alichokiona chaonekana hata na mtu asiyeamini.

Karibu na mwisho utungo waacha magofu, washuka motoni. Mioto ya Jahanamu yatajwa kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na adhabu zake. Hapa hukumu yangu ni kwamba sanaa yapungua, kwa kuwa mshairi sasa aeleza alichofundishwa, ilhali huko nyuma alieleza alichoona. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, msomaji hodari kuliko mimi, akataa kabisa. Asema beti hizo ndizo zinazoyapa magofu uzito wake, na kwamba nazipunguza kwa kuwa sizihofu. Tumebishana juu ya jambo hili miaka mingi, hajanishinda wala sijamshinda. Tufikapo kwenye beti hizo twaachana njia: yeye aendelea mbele kwa sauti ya chini, nami nafunua kurasa nyuma nikasome tena juu ya popo.