Ndege wa Orodha na Ndege wa Fumbo: Tahakiki ya "Birdgirl" ya Mya-Rose Craig

Katika ushairi wa Kiswahili ndege hatui bure. Njiwa hutumwa kwa mpenzi, kipanga huja kunyakua, tausi ni kipenzi kilichofungiwa ndani, na bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza. Lugha yenyewe imeutia muhuri uhusiano huo, kwani neno ndege hutumika pia kwa maana ya dalili ya heri au ya shari, na hapo upatanisho hugeuka: husemwa "ndege njema", wala si "ndege mwema". Msomaji aliyelelewa katika mapokeo hayo akikifungua kitabu cha Mya-Rose Craig, kilichochapishwa London mwaka 2022, yamkini atapotea njia kwa kurasa kadhaa. Ndege wamejaa humo tele, lakini hawakutumwa na mtu wala hawatabiri jambo. Wametafutwa, wameonekana kwa darubini, wameandikwa katika orodha.

Craig alizaliwa mwaka 2002 na kukulia mashambani, kusini ya mji wa Bristol. Baba yake ni Mwingereza na mama yake ana asili ya Bangladesh. Angali mchanga wa siku chache alibebwa na wazazi wake kwenda kumtazama ndege adimu, na mwaka 2009, kabla hajatimiza miaka minane, aliona pamoja nao zaidi ya aina 300 za ndege katika mwaka mmoja nchini Uingereza. Alipofika umri wa miaka 17 alikuwa ameona nusu ya aina zote za ndege duniani, yaani zaidi ya 5,000, na mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bristol kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari. Mambo haya yalikwisha kuandikwa sana na magazeti, na kama kitabu kingekuwa ni hayo tu kisingestahili tahakiki.

Linalokiinua ni ugonjwa wa mama. Nyumba hii ina mzazi ambaye hali ya moyo wake hupanda ikapita kiasi, kisha ikashuka hadi shimoni, na kwa muda mrefu jamaa zake hawana jina la maradhi hayo. Wanalolijua ni kwamba akiwa nje, katika kumsaka ndege, huwa mtu mwingine. Basi safari huongezeka. Wengine wangeona kwamba huko ni kukimbia nyumba, na mwandishi halikwepi swali hilo. Anasimulia kama mtoto aliyekaa kiti cha nyuma cha gari, asiyeelewa yote yasemwayo mbele, lakini maneno anayoyatumia ni ya mtu mzima aliyekwisha kuelewa. Sauti hizi mbili hazilingani kila mahali, na pale zinapokwaruzana ndipo tawasifu hii inapokuwa na uhai zaidi.

Hapa orodha inahitaji kuangaliwa kama suala la fani. Wahakiki wengi wangeichukulia kuwa ni pambo la mchezo wa kitajiri, lakini humu ndiyo inayoshika kazi ya msuko. Orodha ya mtazama ndege ina tabia moja: huongezeka tu, haipungui. Aina iliyokwisha kuandikwa haifutiki hata ndege yule akiruka na asionekane tena. Maradhi ya mama hayana hesabu ya namna hiyo. Aliyepata nafuu wiki hii aweza kulazwa wiki ijayo, na siku njema zilizopita haziwekwi akiba. Familia inashika kile kinachohesabika kwa sababu kilicho muhimu zaidi hakihesabiki. Mwandishi halitamki jambo hili waziwazi, na amefanya vema. Lakini mpangilio wa sura zake hauachi shaka.

Udhaifu upo, nao si mdogo. Nchi hupita haraka mno. Ecuador inafuatwa na bara jingine, na mahali pengi panabaki kuwa msitu, matope, mwongozaji hodari na ndege aliyekawia kujitokeza. Kiswahili nacho kina mapokeo ya maandishi ya safari, na ulinganisho unafaa. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1901. Naye alikuwa mgeni apitaye, tena chini ya bwana wa Kijerumani, lakini hakuwa na orodha aliyotoka nayo nyumbani. Craig anajua mapema anachokwenda kukiona. Macho yaliyotayarishwa namna hiyo huona vizuri sana, ila huona kitu kimoja.

Jambo hilo ladhihirika zaidi katika majina. Ndege wote humu wanaitwa kwa Kiingereza, kana kwamba walikuwa hawana jina hadi walipoandikwa daftarini. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili haliwezi kuwa dogo. Jina mlembe lina habari nzima ndani yake kwa aliyewahi kumfuata ndege huyo hadi kwenye mzinga wa asali. Hata hivyo wenye lugha nao wana la kujibu. Kamusi zetu aghalabu humfafanua kwera, mnana au tiva kuwa ni "aina ya ndege mdogo", na mwanafunzi husonga mbele bila kujua rangi yake wala sauti yake. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Ni wangapi kati yao wanaoweza kutajwa kwa Kiswahili na mwalimu wa Kiswahili? Craig amepungukiwa na lugha za wenyeji, lakini ndege mwenyewe hampotei.

Sura zinazohusu rangi na mashamba ya Uingereza zina nguvu ya hoja kuliko ya usanii. Mwaka 2016 Craig alianzisha shirika la Black2Nature ili vijana wa jamii zilizo chache wapate kufika porini, na anapoeleza sababu, nathari yake huanza kufanana na hotuba. Lakini hoja yenyewe haina upinzani. Jijini Nairobi matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yalianza mwaka 1971, na bado wako wazazi wengi wanaodhani darubini ni mali ya mtalii.

Iko pia maana ya tatu ya neno lile, ambayo Kiingereza hakina na Kiswahili hakiwezi kuikwepa. Kumwona ndege huyu kulihitaji kupanda ndege hii. Mwandishi ni mwanaharakati wa tabianchi. Septemba 2020 alisimama na bango lake juu ya barafu ya Aktiki. Tofauti ya kiambishi kimoja tu, huyu na hii, inabeba mgogoro ambao kitabu kizima hakijaumaliza, na mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuuweka mbele ya msomaji katika kila ukurasa, apende asipende.

Mfasiri huyo angeanza kutaabika kwenye jalada. "Binti Ndege" lingesomwa kama jina la hadithi ya mazimwi, la binti aliyeota mbawa. "Msichana wa Ndege" ni baya zaidi, maana wengi wangetarajia kisa cha mhudumu wa abiria angani. "Mtazama Ndege" ni sahihi, lakini limempoteza mtoto aliyekaa kiti cha nyuma.