Spoki moja kati ya arobaini

Baiskeli ya mzigo ikivunjika spoki kati ya Kasongo na Kabambare, mara nyingi ni gurudumu la nyuma, upande wa friwili, na spoki yenyewe imekatikia kwenye kiwiko, pale inapojikunja kuingia katika tundu la habu. Fundi mzoefu anajua hayo kabla hajainama. Hata hivyo huinama. Huipindua baiskeli ikakaa juu ya usukani na kiti, akalizungusha gurudumu polepole kwa kidole, na kwa kitambo kizima spana haiguswi.

Kusini mwa Maniema, nchini Kongo, baiskeli ni lori. Njia hii imezoea mizigo tangu karne ya 19, Kasongo ilipokuwa ngome ya mfanyabiashara Tippu Tip na jamaa zake, na Kabambare kituo cha misafara ya pembe kuelekea Ziwa Tanganyika. Siku hizi hupita mawese, mchele, muhogo, chumvi na sabuni, na mahali pa bega la mpagazi pamekaa fremu ya chuma. Bidoni sita za lita 20 zikijaa mawese ni zaidi ya kilo 100, hujahesabu sufuria na mkeka wa mwenye mzigo. Baiskeli hiyo haipandwi. Inasukumwa, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa usukanini, mwingine nyuma ya mzigo, na wako wanaovua hata pedali zisiwagonge miundi.

Ukilitazama gurudumu lililoelemewa hivyo, utadhani spoki za chini ndizo zinazobeba, zimesimama kama nguzo. Sivyo. Waya mwembamba kiasi kile hauwezi kusimamia kitu. Ungepinda mara moja. Spoki zote zimevutwa, kila moja ikiikokota ringi kuelekea katikati, na ile inayofika chini hupungukiwa na mvuto kidogo, kisha ikipanda huurudisha. Gurudumu la inchi 28 huzunguka kama mara 450 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 100, basi, kila spoki imelegea na kukazika mara 45,000 hivi, bila kuhesabu mawe na mizizi. Chuma hakichoshwi na kuvutwa moja kwa moja. Kinachoshwa na huko kulegezwa na kuvutwa, tena na tena, na uchovu wote hukusanyika kwenye kiwiko.

Ndiyo maana nawaonea huruma wenye mizigo wanaomsihi fundi, “Usikaze sana, barabara ni mubaya.” Wanaogopa spoki iliyokazwa itakatika. Inayokatika mapema ni ile iliyoachwa legevu, kwa kuwa kila mzunguko huiyumbisha zaidi ndani ya tundu lake. Fundi huitikia, “Ndiyo, Papa,” halafu anakaza anavyojua yeye.

Maarifa haya yana umri. Eugène Meyer alisajili gurudumu la spoki za waya mjini Paris mwaka 1869, na mwaka 1874 Mwingereza James Starley akazilaza spoki mshazari, zikapishana, badala ya kutoka kwenye habu zimenyooka kama miali. Waingereza wakajizoesha kutia spoki 32 mbele na 40 nyuma kwenye baiskeli zao nzito, na viwanda vya India na China vikairithi hesabu hiyo pamoja na breki za vyuma. Gurudumu kuukuu lenye spoki 40 ni gumu kuliua, na kwa sababu hiyo hurekebishwa miaka na miaka hadi hakisalii ndani yake hata kipande kimoja lilichokuja nacho.

Kazi huanza kwa upelelezi. Spoki ya kulia ikikatika, ringi hukimbilia kushoto na tairi kuanza kusugua fremu. Mwenye baiskeli, peke yake porini, hulegeza spoki kadhaa za kushoto ili gurudumu lipite, naye ana haki. Lakini dawa hiyo ya njiani lazima itolewe kwanza.

“Ulilegeza ngapi, Papa?”

“Mbili. Labda tatu.”

Fundi hupitisha ukucha kwenye spoki moja baada ya nyingine, akisikiliza. Zilizo sawa hutoa sauti inayofanana. Zilizolegezwa zinakoroma, na huwa ni zaidi ya tatu.

Friwili hutoka kwa ufunguo wake, au kwa tindo na nyundo, na sehemu hiyo haina uzuri wowote. Uzuri uko kwenye kuchagua spoki. Fundi ana matita yaliyofungwa kwa vipande vya mpira wa ndani, mengi yakiwa ya magurudumu yaliyokufa. Anaiunganisha iliyovunjika, anailinganisha na hizo, kichwa kwa kichwa. Fupi mno, kinati cha kwenye ringi hakitashika hesi za kutosha. Ndefu mno, ncha itatoboa mpira. Kisha anahesabu spoki nne kutoka kwenye pengo, kwa sababu ya nne ndiyo inayopita njia ileile: inatoka upande uleule wa habu na kuvuta mwelekeo uleule. Anaifuata. Spoki ngeni anaikunja upinde mpole, anaipitisha juu ya wenzake wa kwanza, chini ya wa mwisho, bila kuiachia kovu.

Kukaza ndiko kunakochukua muda. Zamu moja kamili ya kinati husogeza chini ya nusu milimita, na fundi hafanyi zamu kamili, hufanya robo. Kwenye gurudumu lenye kutu spoki yenyewe hujisokota badala ya kinati kupanda hesi, na ukiiacha hivyo itajisokotoa njiani na kazi yote kupotea. Kwa hiyo tone la mafuta ya injini, vidole viwili vya kushoto vimeibana spoki kuuhisi ule msokoto, robo mbele kupita kiasi, nusu ya robo kurudi. Kidole gumba kimeegeshwa kwenye fremu, kinakaribia ringi lakini hakiigusi, na pale inapogusa ndipo pa kusahihisha. Mwisho anazishika spoki mbilimbili kwa viganja na kuzikamua kwa nguvu, mzunguko mzima. Zinalia kwa kukwaruza, zikitulia mahali pake. Anapima tena kwa ukucha, anasahihisha, anasaga ncha iliyochomoza na kuifunika kwa ukanda wa mpira.

Halafu kuna neno ambalo fundi mwema halifichi: viwiko vya spoki nyingine vina umri uleule, na hizo nazo zinafuata. Anauza spoki tatu za akiba, na mwenye mzigo huzifunga kando ya fremu.

Spoki mpya itajiweka sawa katika kilomita za kwanza na itataka kukazwa tena, ila wakati huo mzigo uko nchi ya mto Luama. Itakazwa na fundi wa Kabambare, asiyemjua mwenzake. Ataona spoki moja inayong'aa kati ya thelathini na tisa zenye kutu, na ataanzia hapo.